Hodi ya Shimo la Nne

Mji unaopumua hauzimwi ili ushonwe. Watu wa Ngeu walilijua hilo kabla hawajajua kuhesabu vidole vyao, maana huko Mirihi, nje ya kuta za mji, hakuna hewa ya kumtosha hata inzi. Hewa yote ilikuwa mikononi mwa Kiini, ile akili iliyokaa chini kabisa ya mitambo, ikifungua valvu hii na kufunga ile tangu wazee wa kwanza walipoiwasha. Kiini kikilala, mji umelala, na usingizi huo hauna asubuhi.

Kwa hiyo Kiini kikiugua, kinatibiwa huku kinatembea. Watu wa kazi hiyo waliitwa washona viraka, na Ngeu nzima ilikuwa naye mmoja tu, binti mwembamba aitwaye Yusta, ambaye Bodi iliyotawala mji ilikubali kumleta kutoka mji wa jirani baada ya kuzika watu kwanza. Bodi ndivyo ilivyo. Hununua ndoo nyumba ikishateketea.

Siku hiyo Yusta alishuka Shimo la Nne, shimo la madini lililofungwa zamani, kumtafuta mtu asiye mtu. Akamkuta mzee.

"Hodi," aliita kwenye mdomo wa shimo.

Kimya.

"Hodi, baba."

Kimya kilekile.

"Hodi ya tatu hii, na mimi sina pa kurudi."

"Shimo halina mwenyewe," mzee alisema bila kugeuka. "Bodi waliingia bila hodi wakafunga bila kwaheri. Wewe unaogopa nini?"

"Shikamoo."

"Marahaba."

Mzee huyo alikuwa Mbaruku Shekalage, mchimbaji mstaafu, mjane, mtu ambaye majirani walimsalimia kwa mbali kama wanaompita mbwa aliyefungwa kamba ndefu. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya kisanduku cha simu ukutani, kile ambacho zamani wachimbaji walipokelea ujumbe kutoka nyumbani. Kisanduku kilikuwa na vumbi jekundu pande zote isipokuwa usoni, na usoni palikuwa pamefutwa kwa kitambaa, safi kama sahani ya mgeni. Taa ndogo ya kijani ilipepesa. Chini yake maandishi yalisema: MASHAVU. WADI YA MAPAFU. ANABISHA.

Yusta aliitazama taa, akatazama kishikwambi chake, akaitazama taa tena.

"Kumbe ndiye huyu," akasema polepole.

"Huyu ni mke wangu," Mbaruku akajibu. "Na wewe ni nani?"

"Mshona viraka, baba. Naitwa Yusta. Nimemfuata mjumbe aliyelala."

"Hajalala. Anabisha."

Yusta akachuchumaa vumbini bila kujali suruali yake, na hilo Mbaruku aliliona. Watu wa Bodi wakija huwa wanasimama, wakishika mikono nyuma, kama wanaogopa kuambukizwa jasho.

"Baba, unajua ninavyofanya kazi?"

"Unashona suruali ya mtu anayekimbia."

Yusta akacheka. "Ndivyo hasa. Ndani ya Kiini mna wajumbe wengi, kila mmoja na kazi yake, na kila kazi ina njia yake. Njia moja ya zamani, ile ya milango na valvu, ina ubovu. Inafungua valvu halafu inasahau kuifunga. Mwanzo ilisahau moja moja, sasa inasahau kwa mafungu, na hewa inavuja. Mimi sivunji njia. Nikiivunja wakati kuna mjumbe juu yake, ataanguka na mji utaanguka naye. Naweka kibao tu pale mwanzoni: wanaokuja, piteni huku kwenye njia mpya. Walioko ndani nawaacha wamalize safari. Wa mwisho akitoka, nafunga kibao kwa misumari, kiraka kimeshika."

"Basi funga."

"Wote wametoka, baba. Amebaki mmoja."

Mbaruku hakuhitaji kuuliza ni yupi. Wazee wa kwanza walikijenga Kiini kwa adabu za kwao: mjumbe hafungui mlango wa mtu. Anabisha hodi, anasubiri karibu. Akibisha mara tatu asijibiwe, anarudi alikotoka, kama mtu yeyote aliyelelewa. Halafu ikaja Bodi. Bodi ikaona wachimbaji wanapoteza muda kusikiliza habari za wake zao, ikaamuru ujumbe wote wa mashimoni usubiri nje ya mlango mpaka zamu iishe, na ule utaratibu wa kurudi ukaondolewa. Mashavu alituma ujumbe katikati ya zamu. Kabla zamu haijaisha alikuwa amekufa, na Bodi ikalifunga shimo siku ileile, zamu ikiwa haijatangazwa kuisha. Mjumbe wake akabaki nje ya mlango ambao hakuna tena aliyekuwa akiutumia, akisubiri karibu.

"Miaka yote hii hujamfungulia?" Yusta aliuliza, na sauti yake haikuwa ya kulaumu.

"Nikimfungulia atasema alichokuja kusema. Kisha ataondoka." Mbaruku aliisogeza ndoo karibu zaidi na kisanduku. "Sasa hivi yupo. Soma mwenyewe. Haikuandikwa alibisha. Imeandikwa anabisha."

Yusta alisoma, akainamisha kichwa.

"Tena huyu ni shahidi wangu," mzee akaendelea, na sauti ikapanda. "Siku ile Kiini kiliugua hivihivi. Mshona viraka hakuwapo, walisema ni gharama. Wakaamua kukata tawi la hewa la wadi ili watengeneze haraka. Dakika chache tu, wakasema. Wagonjwa wa mapafu, dakika chache! Kisha wakatangaza kwenye kipaza sauti, hitilafu ya kawaida. Mke wangu ni hitilafu ya kawaida? Taa hii ikizimika, nani atasema aliwahi kubisha? Wamekutuma uizime, siyo?"

"Wamenituma nimlazimishe mjumbe atoke," Yusta alikiri. "Naweza. Nang'oa tu. Lakini anayeng'olewa katikati ya njia hatoki mzima. Mguu mmoja huku, mmoja kule, na valvu hazijui zimsikilize nani. Zinaweza kutulia, zinaweza kufunguka zote. Kulazimisha ni kubahatisha pumzi za watu. Na alichobeba kitapotea, na hicho si changu. Nimekataa. Ndiyo maana nimekuja kuomba."

"Umewakatalia Bodi?"

"Nimewakatalia."

Mbaruku akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kuna watu wenye elimu ambao elimu yao ni fimbo. Huyu yake ilikuwa kama taa ya mkononi, alimulika palipo na giza bila kukupiga nayo machoni. Lakini mzee hakuwa tayari kumwambia hivyo.

"Na mimi nikikataa?"

"Mheshimiwa Mwandambo wa Bodi amesema king'ora cha jioni kikilia kiraka hakijashika, wanakata tawi la wadi. Kama siku ile."

Mbaruku akasimama. Ndoo ikaanguka, ikabingirika hadi ukutani.

"Wadi ya mapafu? Amelazwa shemeji yangu humo!"

*

Mwanamkasi alikuwa mdogo wake Mashavu, mama wa makamo mwenye mdomo usiolala, na vumbi la Ngeu lilikuwa limemfika mapafuni kama lilivyomfika dada yake. Tangu msiba, kila jioni alimpikia shemeji yake. Alikuwa akija na bakuli, anabisha hodi mlangoni, Mbaruku hajibu, anaweka bakuli kizingitini na kuondoka. Asubuhi analikuta bakuli palepale, tupu, limeoshwa. Hawakuwahi kuzungumza juu ya jambo hilo. Mbaruku alikuwa mtu wa kuosha bakuli, hakuwa mtu wa kusema ahsante.

Mlangoni pa wadi alisimama Mheshimiwa Mwandambo, Mkuu wa Bodi, na mkono wake ukiwa umeshika sawasawa kifua cha koti.

"Mzee wetu Shekalage!" alisema. "Tunaomba ushirikiano wako katika kipindi hiki kigumu."

"Kigumu kwako? Hujavaa hata barakoa. Kwa nini hamjawapa hawa mitungi ya hewa?"

"Mitungi ni ya dharura."

"Na hii ni nini, arusi?"

"Mitungi iko ofisini kwa Bodi, kwa mujibu wa utaratibu. Uongozi ukianguka, mji..."

"Nimekuelewa," Mbaruku alisema. "Kuku wakifa mayai yalindwe. Pisha."

Hakubisha hodi. Aliingia tu, kama alivyozoea kuingia kila mahali tangu afiwe. Mwanamkasi alikuwa kitandani, mirija puani, amejitanda kanga begani. Alimwona, akatoa macho.

"Makubwa! Nani amekufa hata shemeji amekuja?"

"Hajafa mtu."

"Basi bado. Kaa. Umekula?"

"Unakufa unaniuliza nimekula?"

"Mimi nisipouliza nani atauliza? Tazama shingo yako, kama ya kuku wa kienyeji. Tangu nilazwe unakula nini?"

"Uji."

"Ulioiva?"

Mbaruku akapandisha kola ya shati kufunika shingo, na Mwanamkasi akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikadumu. Mbaruku alisimama na mikono yake mikubwa isiyojua pa kwenda. Alipopata pumzi, mama yule alisema, "Wametuambia habari za kukata hewa. Na za taa yako pia nimeambiwa. Mji hauna siri, una mirija tu."

"Nimekuja kukwambia..." Mbaruku alianza, akakwama.

"Usifungue kwa ajili yangu."

"Shemeji!"

"Ndiyo. Nisikie. Usije ukanibebesha mimi, kesho nikikuudhi uniambie nilimwachia dada yako kwa ajili yako. Sitaki deni hilo." Alivuta pumzi, ikaingia kwa shida kama uzi kwenye tundu dogo. "Ila nikuulize kitu kimoja. Wewe ni Msambaa wa wapi?"

"Unajua walikozaliwa wazee wangu."

"Kwenu huko mgeni akibisha mnamfanyaje?"

"Tunamkaribisha."

"Hata kama mmelala na njaa?"

"Hata kama."

"Basi dada yangu amewakosea nini?" Hakuwa akicheka tena. "Mashavu! Mwanamke aliyekuwa akisubiri maji yachemke anagombana na sufuria! Wewe umemsimamisha nje, miguu yake ile ya kuvimba, miaka yote, unamtazama kupitia dirisha na kusema unampenda. Mbaruku, shemeji yangu, Bodi walimuua. Hilo ni lao, Mungu atawauliza. Lakini anayemsimamisha mlangoni si Bodi."

Mzee alitaka kujibu. Miaka yote alikuwa na jibu la kila kitu, na majibu yote yalianzia kwa Bodi.

"Ukiniacha mimi kwenye vumbi la mlangoni sijali," Mwanamkasi aliongeza kwa sauti ndogo. "Mimi naweka bakuli naondoka, miguu yangu mizima. Yeye hana ruhusa ya kuondoka."

*

Walishuka tena shimoni pamoja, Mbaruku mbele na Yusta nyuma na kishikwambi chake. Mzee aliiokota ndoo, akaipindua, akakaa. Kisha akainuka, akamwekea Yusta akae yeye.

"Mgeni," alisema kwa kujieleza.

Taa ilipepesa. Mbaruku alitoa kitambaa mfukoni, akakifuta kisanduku ingawa hakikuwa na vumbi.

"Akishatoka, njia ya zamani itakuwaje?"

"Itabaki palepale, baba. Sifuti kitu. Ila hakuna atakayepita tena."

"Na yeye?"

"Mjumbe atakuwa amemaliza kazi. Mzigo aliobeba utakuwa wako. Mjumbe huondoka, mzigo haondoki nao."

Mbaruku aliitikia kwa kichwa. Neno la kumkaribisha mgeni alikuwa amelisema maelfu ya mara maishani, kwa majirani, kwa wadeni, kwa watu asiowapenda. Akaweka kidole kwenye kitufe cha kisanduku.

"Karibu, mke wangu," akasema. "Karibu ndani."

Kisanduku kilikoroma kwanza, kama mtu aliyenyamaza muda mrefu. Kisha sauti ikatoka, yenyewe, na kukohoa kwake, na haraka yake.

"Mbaruku. Mbaruku wee. Najua uko kazini, watakupa hii jioni, si kitu. Hapa amekuja Mwandambo mwenyewe, anasema wanakata hewa kidogo, tutulie. Muuguzi amemwambia watu watakufa, amejibu yeye ndiye mwenye maamuzi. Mimi kidogo yao naijua. Haya. Usinikasirikie kwa kukusumbua, nina mambo mawili tu. La kwanza, chai ya leo. Uliweka tangawizi. Kila siku unasahau, leo umekumbuka. Nimekunywa yote, mpaka machicha. Nilitaka kukwambia asubuhi ukawa umeshakimbilia lifti. Basi ahsante, baba. Ahsante sana. Na za siku zote zisizo na tangawizi pia, ahsante."

Alikohoa. Mbaruku aliweka kiganja kwenye kisanduku kama mtu anayepapasa mgongo wa mgonjwa.

"La pili. Ikitokea nimechelewa kurudi, mwambie Mwanamkasi akupikie, wewe ukijipikia utakula uji mbichi. Najua utakuwa na kisirani. Akija akibisha, Mbaruku, mfungulie. Usimwache mdogo wangu nje. Haya, nimemaliza. Nakwenda."

Taa ikapepesa mara moja, ikazimika.

Yusta alikuwa ameshika kishikwambi bila kukitazama, machozi yakimchuruzika, naye hakuyafuta. Kisha kishikwambi kikalia mlio mdogo.

"Ametoka," akanong'ona. Vidole vyake vikaenda mbio, vikafunga kibao chake kwa misumari isiyoonekana. "Kimeshika, baba. Kiraka kimeshika."

Juu ya vichwa vyao, mahali fulani ndani ya mawe, valvu zilizosahauliwa zikaanza kukumbukwa. Zilifungwa moja baada ya nyingine, mbali, kisha karibu, kama milango ya nyumba kubwa watu wakirudi kulala. Upepo mdogo ukapita shimoni, ukagusa vumbi, ukaendelea.

Mbaruku alikuwa bado ameweka kiganja kwenye kisanduku.

"Amekuwa akinipikia," alisema. "Hakuna aliyemwambia. Ujumbe ulikuwa nje, yeye alikuwa ameshatii."

Yusta akainuka kutoka kwenye ndoo.

"Fundi."

"Naam, baba."

"Mwanangu, ahsante. Ungeweza kung'oa. Wenzako wangeng'oa na kulala usingizi. Wewe umeshuka huku ukabisha hodi kwa mzee asiyejibu. Wazazi wako wamezaa."

King'ora cha jioni kikalia. Baada yake kipaza sauti kikakoroma, na sauti ya Mheshimiwa Mwandambo ikajaza mashimo yote ya Ngeu, ikisema kwamba kutokana na uongozi makini wa Bodi, hitilafu ya kawaida imedhibitiwa.

Yusta akamtazama mzee kwa hofu. Lakini Mbaruku alikuwa akitikisa kichwa tu.

"Mwache aimbe," alisema. "Zamani nilikuwa na taa, na taa haina mdomo. Sasa nina mzigo wangu, na jina lake limo ndani, limetajwa na marehemu. Siku ya baraza la mji atausikia mbele ya watu. Hiyo ni ya siku hiyo." Aliinama, akaibeba ile ndoo. "Leo nina safari nyingine. Tangawizi inauzwa wapi siku hizi?"

*

Wadi ilikuwa imejaa hewa nzito, tamu, na wagonjwa walikuwa wakizungumza kwa sauti kubwa kama watu waliotoka kwenye arusi. Mbaruku Shekalage alisimama nje ya mlango ulio wazi, amevaa kanzu aliyoizikia mkewe, mkono mmoja chupa ya chai, mkono mwingine bakuli alilopika mwenyewe. Wauguzi walimpita, wakamwambia pita mzee, akakataa. Alisimama.

"Hodi," aliita.

Ndani, Mwanamkasi alinyanyua shingo kutoka kwenye mto. Alimwona. Aliangalia kanzu, akaangalia chupa, akaangalia bakuli. Kisha kwa makusudi mazima akageukia ukutani na kujifunika kanga hadi masikioni.

"Hodi, shemeji."

"Nani huyo anayepiga kelele?" ilisikika kutoka chini ya kanga. "Weka kizingitini uondoke, bakuli nitaliosha!"

Wadi nzima ikacheka. Mbaruku naye alicheka, na kicheko kilimtoka kwa shida, kama mlango ambao bawaba zake zimeshika kutu. Hakuondoka. Alisubiri, chai ikimchoma kiganja, akijua sasa kusubiri kulivyo.

"Hodi, Mwanamkasi," alisema mara ya tatu. "Nimekuja kusema ahsante. Ya bakuli zote."

Kanga ikateremka polepole. Mama yule alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, mirija ikimtetemeka puani.

"Umeweka tangawizi?"

"Nimeweka."

"Basi unasimama nje unangoja nini, mwanaume wewe?" akasema. "Karibu."